Kadi wiki nane, baba karudi wiki sita... mimba ya nani?

Leo naomba tukae kitako, dada zangu, na ninyi akina kaka mnaojifanya mambo ya kliniki hayawahusu. Kuna kasheshe moja inajirudia kila mara kwenye ujumbe mnaoniletea, nami nimeona leo niimalize. Kasheshe yenyewe ni ya hesabu. Si ya pesa, ni ya wiki!

Safari hii kaniandikia dereva wa lori, makazi yake Tandika, njia yake Dar mpaka Lubumbashi. Anasema aliondoka Januari, akarudi nyumbani Machi 14, mama watoto akampokea vizuri tu, kuku akachinjwa. Aprili 28 mkewe akaenda kliniki, akarudi na kadi imeandikwa mimba ya wiki nane. Kaka yangu akaishusha kalenda ukutani, akahesabu kurudi nyuma wiki nane, kidole kikatua Machi 3. Machi 3 yeye alikuwa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, anapika ugali pembeni ya lori! "Dada, nimehesabu mara tatu," ananiambia. "Tangu nirudi ni wiki sita na siku tatu. Hizo nyingine ni za nani?" Begi la mke, anasema, liko mlangoni.

Kaka, hebu lirudishe hilo begi chumbani kwanza, tuongee.

Wiki za kliniki hazianzi kuhesabiwa siku mliyolala pamoja, wala siku mimba ilipotunga. Zinaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama. Muuguzi alimuuliza mkeo, "Mara ya mwisho siku zako zilianza lini?" Naye akajibu Machi 3. Basi. Hesabu ikaanzia hapo. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hupevuka wiki mbili baada ya hapo, yaani kwenye Machi 16 au 17. Sasa wewe lori umelipaki Machi 14. Umeona mambo yanavyokaa?

Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo za kila mimba iliyoandikwa kwenye kadi ni wiki ambazo mwanamke hana mimba kabisa. Yuko zake sokoni, yuko saluni, hata mwenyewe hajui kuna nini mbele. Ukisikia mimba ina wiki 40, ujue mtoto mwenyewe amekaa humo wiki kama 38. Usiniulize kwa nini hawakuandika hivyo kwenye kadi kwa wino mwekundu, maana mimi naona ndoa ngapi zingepona!

Kwa nini basi wasianzie siku yenyewe? Kwa sababu siku yenyewe hakuna anayeiona. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano zikisubiri, na yai likishatoka halidumu zaidi ya saa 24 hivi. Mtu anaweza kukutana na mumewe Jumapili na mimba ikatunga Alhamisi, jamaa keshafika Tunduma. Hedhi angalau ina siku yake na mwenyewe anaikumbuka. Au tuseme, anapaswa kuikumbuka... nitarudi hapo.

Hesabu ya kliniki ina mwenyewe, bwana. Inaitwa kanuni ya Naegele, kwa jina la Franz Karl Naegele, profesa wa ukunga wa Heidelberg kule Ujerumani aliyefariki mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Machi 3 ukiongeza siku saba ni Machi 10, ukirudi nyuma miezi mitatu ni Desemba 10. Hiyo ndiyo tarehe ya mkeo, ile inayoandikwa kwenye kadi mbele ya herufi EDD. Ukizihesabu siku moja moja mpaka zitimie 280 utaangukia Desemba 8. Miezi haina siku sawa, kwa hiyo hizo siku mbili zisikuletee kizaazaa kingine.

Na bibi zetu waliokuwa wakihesabu kwa mwezi wa angani, msiwacheke. Mwezi mmoja wa kuandama una siku 29 na nusu. Zidisha mara tisa, unapata siku 265 na nusu. Kitaalamu, kutoka mimba kutunga mpaka kuzaliwa ni siku kama 266. Bibi hakuwa na kadi wala kikokotoo, lakini alikuwa amepishana na profesa nusu siku tu!

Tatizo ni kwamba kanuni hii inamchukulia kila mwanamke kama mashine ya siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linachelewa wiki nzima, kwa hiyo na tarehe yake isogezwe wiki nzima mbele. Kuna mwenye mzunguko usiojulikana kichwa wala miguu. Kuna aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hedhi imepotea miezi kadhaa, mara mimba hiyo! Kuna anayenyonyesha, naye anaweza kushika mimba kabla hata hajaona siku zake za kwanza baada ya kujifungua. Halafu kuna kile kimtego kibaya: mimba ikiwa changa, wapo wanaotokwa na damu kidogo, mtu akadhani ni hedhi, akaitaja hiyo kliniki. Hapo tarehe inasogea mbele kama mwezi mzima, na mtoto aliyekomaa vizuri akija mnaambiwa ni njiti. Mashosti wangu, simu zenu zina kalenda na programu za kila aina. Hizo nyingi zinatumia hesabu ile ile ya Naegele. Ukizilisha uongo, zitakurudishia uongo wenye rangi nzuri.

Kwa hiyo kliniki hawategemei kumbukumbu peke yake. Kuna kile kipimo cha utepe tumboni, kuanzia kwenye mfupa wa kinena mpaka juu ya kizazi. Kwenye wiki 20 hivi kizazi kinakuwa kimefika usawa wa kitovu, na kuanzia hapo sentimita zinakwenda karibu sawa na wiki. Mapacha au uvimbe wa kizazi wanaweza kuuvuruga utepe huo. Mama naye huulizwa mtoto ameanza kucheza lini. Kwa mimba ya kwanza wengi husikia kati ya wiki 18 na 20.

Lakini kinachoaminika kuliko vyote ni ultrasaundi ya mapema. Kazi hii ilianzia Glasgow, Scotland, ambako Daktari Ian Donald na wenzake walitoa taarifa yao ya kwanza mwaka 1958. Kabla ya wiki 14 wanampima mtoto kutoka utosini mpaka makalioni. Katika umri huo watoto wote wanakua karibu kwa mwendo mmoja, awe wa Masaki au wa Manzese, ndiyo maana picha hiyo hukosea siku tano hadi saba tu. Ikipishana na hesabu ya hedhi kwa zaidi ya wiki, ya picha ndiyo inafuatwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha aina hiyo kabla ya wiki 24.

Sasa ninyi mnaokwenda wiki ya 34 kwa ajili ya kujua tu ni wa kike au wa kiume, halafu mnatoka na tarehe mpya na kuanza kugombana na muuguzi... wakati huo kipimo kinaweza kukosea hata wiki tatu! Mtoto mmoja ni mnene, mwingine mwembamba, kama mlivyo ninyi. Tarehe iliyowekwa mapema haifutwi na picha ya mwishoni.

Na hili si suala la kugombania karatasi. Tarehe ikiwa mbele au nyuma, mama anaweza kuanzishiwa uchungu wakati mapafu ya mtoto hayajakomaa. Au kinyume chake, anaachwa mpaka wiki 42 zinapita huku kondo la nyuma limeanza kuchoka na mtoto anapata hewa kidogo. Ndiyo maana wakiona wiki 41 zimetimia hospitali huanza kuzungumzia kuanzisha uchungu. Wanaisoma tarehe ile ile uliyoitaja wewe siku ya kwanza.

Najua wapo watakaosema dada anawakingia kifua wanawake. La hasha! Hesabu hii haiwezi kuapa kwamba mtoto ni wa kaka yetu wa Tandika. Ninachosema ni kwamba kadi haimshitaki mkewe. Tena imekaa upande wake. Kama mtu ana shaka zenye sababu nyingine, kalenda haitamsaidia. Kipimo cha vinasaba kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na huko hauingii tu mlangoni na mtoto mkononi. Unapitia kwa ofisa ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Ila kumfukuza mke kwa sababu ya wiki mbili ambazo mimba yenyewe haikuwepo, hiyo, kaka, ni soo. Na ile siku ya kliniki mngekwenda wawili, ungemuuliza muuguzi papo hapo.

Jingine, hiyo tarehe msiichukulie kama tiketi ya basi. Katika watoto 20, anayezaliwa siku ile ile iliyoandikwa ni kama mmoja. Kuanzia wiki 37 mpaka 42 wote wamo. Mimi wa kwanza wangu alikuja siku tisa kabla, beba beba ikawa ya mbio. Wa pili akakaa mpaka siku ya sita baada ya tarehe, na kila asubuhi mama mkwe alikuwa hewani: "Vipi mwanangu, bado?" Shangazi naye, "Bado?" Jirani akichungulia dirishani, "He, bado tu?" Kwa hiyo wenye Desemba 10, ndugu wa mume waambieni mtoto anatarajiwa karibu na Krismasi.