Mwanga Ugawanywe kwa Hesabu

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Hayo ni mafanikio yasiyopingika. Lakini mkongo kufika ufukweni si mwisho wa kazi. Hatua ya kutoka kituo cha simu hadi mlangoni mwa shule, zahanati na ofisi ndiyo inayokula fedha na umeme.

Kwa hatua hiyo ziko njia mbili. Ya kwanza ni kujaza kando ya barabara makasha ya mitambo inayohitaji umeme usiku na mchana. Ya pili ni kupeleka uzi mmoja wa kioo kutoka kituoni, kisha kuugawa mwanga wake kwa kifaa kisichotumia umeme hata kidogo. Kwa kanuni ambazo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulianza kuzitoa mwaka 2003, uzi huo huweza kuhudumia wateja 32 au zaidi, hadi umbali wa kilomita 20. Ujumbe unaokwenda hutumia mwanga wa nanomita 1490, na unaorudi nanomita 1310. Hivyo yote hupita kwa wakati mmoja bila kugongana. Wateja nao hupeleka ujumbe wao kwa zamu.

Sisi twaunga mkono njia ya pili. Hata hivyo, kugawa si kuzidisha. Mwanga ukigawanywa kwa wateja 32, kila mmoja hupata pungufu ya sehemu moja ya 32, kwa kuwa kigawio chenyewe na viungo vya uzi hupoteza kiasi. Anayeongeza wateja bila kupiga hesabu atawaacha wa mbali gizani.

Tena, sehemu kubwa ya umeme wa mitandao hii huliwa na vifaa vya wateja, ambavyo huwaka hata pasipo ujumbe. Kanuni za mwaka 2010 ziliweka utaratibu wa vifaa hivyo kusinzia na kuamka.

Hivyo basi, watendaji wanaoandaa zabuni hawana budi kudai hesabu ya mwanga kwa maandishi, pamoja na kiasi cha umeme ambacho kila kifaa hutumia kikiwa kazini na kikisinzia. Umeme ukikatika mtaani, shule yenye kifaa cha wati chache na betri ndogo itaendelea na masomo, mradi kituo kina umeme wa akiba. Bei ya chini siku ya kununua isitupofushe tukasahau ankara ya kila mwezi.