Msianze na Dhahabu

Ndugu zangu mnaotaka kujifunza khati, nisikilizeni kabla hamjatoa fedha mfukoni. Mwanafunzi wa siku hizi akishaona picha moja ya msahafu uliotiwa nakshi, kesho yake yuko dukani anaulizia rangi ya dhahabu, brashi nyembamba na karatasi za bei. Wiki haijaisha, ana vifaa vya fundi mkuu na alifu yake ingali imepinda. Huko ni kupaka chokaa nyumba isiyo na ukuta.

Anzeni na tete. Likateni mshazari kwa kisu kikali, mlipasue kidogo katikati ya ncha ili wino upate njia. Kisha kandamizeni ncha hiyo karatasini na kuivuta kidogo: itaacha alama ya pembe nne. Hiyo ndiyo nukta, na herufi zote hupimwa kwayo. Utaratibu huu hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Inasimuliwa kwamba maadui walipomkata mkono wa kulia, aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Nasi tunanung'unika kwamba tete halitelezi! Alifu ya mtindo wa thuluthi huhesabiwa nukta saba hivi, ya mtindo wa naskhi hupungua. Mwenye kalamu nene ataandika alifu kubwa, mwenye nyembamba atapata ndogo, na uwiano utabaki ule ule. Basi jazeni ukurasa kwa alifu tupu, mzipange nukta ubavuni mwake, mhesabu. Ikizidi, rudieni, ikipungua, rudieni. Inachosha, sikatai. Lakini jicho lisilojua kwamba alifu imezidi nusu nukta halitajua pia kwamba ua la pambizoni limeelemea upande mmoja.

Wino si tatizo. Wazee walichanganya masizi na gundi ya mgunga, na wa chupa unatosha kwa mazoezi. Karatasi ndiyo yenye hila, kwa kuwa ya kawaida hunywa wino na kuacha kingo zenye manyoya. Mafundi wa zamani waliipaka ute wa yai uliotiwa shabu, wakaisugua kwa jiwe laini hata ikang'aa. Asiye na subira hiyo atafute kalenda ya mwaka jana yenye mgongo unaoteleza. Haigharimu kitu, na herufi ikiharibika hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Wako watakaosema kwamba sanaa hii ni ya Waturuki na Waajemi, sisi tumeitoa wapi. Hao na waulize habari za Siyu, kisiwani Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 misahafu ilinakiliwa huko kwa mkono na kutiwa nakshi, juu ya karatasi zilizoletwa na merikebu kutoka Ulaya. Rangi zake kuu zilikuwa nyekundu, nyeusi na manjano. Kwa rangi hizo chache mafundi walijaza pambizo na kurasa za ufunguzi nakshi ambazo leo wataalamu huzisafiria. Wasingeweza kuzipanga hivyo kama mkono haukuwa umetulia kwanza.

Zamu ya nakshi ikifika, shikeni rula na bikari kabla ya brashi. Pigeni jedwali la mistari miwili, mwekundu na mweusi, kuzunguka maandishi, na pembe zikutane sawasawa. Hapo tu ndipo maua yaingie.

Lakini hamtafika huko peke yenu. Tafuteni mwalimu, hata kama ni mzee wa mtaani aliyezoea kuandika makombe kwa zafarani, mradi mkono wake ni mzuri. Msimpelekee kazi iliyokwisha kupambwa, maana ataona haya kuiharibu, atawasifu, nanyi mtarudi nyumbani kama mlivyokwenda. Mpelekeeni ukurasa wa alifu, mumwombe autie wino mwekundu kila palipokosewa.