Mgeni Wangu Kutoka Ulaya

Toleo lililopita niliahidi kueleza kwa nini mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi anayachosha macho yake kwa Kigiriki cha kale. Nilidhani mtasahau. Mwalimu wetu wa Kiswahili amenikumbusha mara mbili, basi leo nalipa deni.

Niko mwaka wa pili. Ninasoma dini, fasihi na historia ya Wagiriki wa kale, na lugha yao niliianza sifuri hapahapa chuoni, alfabeti kwanza. Mama alitaka nisome ufamasia. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Hao Wagiriki wa kale si walishakufa wote?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Haya," na mpaka leo hajaongeza neno.

Muhula huu tunasoma Odyssey ya Homer. Darasa letu lina watu saba, na kila mmoja hupewa mistari michache aitafsiri na kuitetea mbele ya wenzake. Mistari yangu ilikuwa na neno xenos, ambalo Homer mwenyewe hulitamka xeinos. Kamusi ililipa maana zilizotenganishwa kwa namba: mtu usiyemjua, mtu wa nchi nyingine, mtu uliyempokea nyumbani kwako. Wenzangu walibishana kwa muda mrefu ni maana ipi inafaa pale, maana Kiingereza kinakulazimisha uchague. Mimi nilikaa kimya nikishangaa ugomvi unatoka wapi. Kichwani mwangu neno lilikuwa moja. Mgeni ni yule usiyemjua, mgeni ni wa kutoka nje, mgeni ni uliyemkaribisha, wala hatuna haja ya kuamua ni yupi kabla ya kumwekea chai.

Nikasema hivyo, kwa woga. Mwalimu alifurahi, kisha akaniuliza, "Na mwenyeji je? Kiswahili nacho kinamwita mgeni?"

Kwa sababu xenos ni wote wawili. Aliyepokea na aliyepokelewa huitana kwa neno hilohilo, na watoto na wajukuu wao hurithi uhusiano huo. Ndani ya Iliad, Glaucus na Diomedes wanakutana vitani tayari kuuana, wanagundua kwamba babu zao walikuwa xenoi, basi wanaacha kupigana na kubadilishana silaha. (Glaucus anatoa za dhahabu, anapewa za shaba. Homer anamcheka.) Kiswahili hakifiki huko. Kwetu mwenyeji ni mwenyeji na mgeni ni mgeni. Nilirudi bwenini nikijiona nimeshinda nusu.

Lakini kusema kweli neno mgeni lilikuwa linaniuma kabla ya siku hiyo. Desemba tulikwenda Tanga, baada ya miaka sita. Ndani ya ndege nilifanya mazoezi ya Kiswahili changu midomo ikicheza, mpaka abiria wa pembeni akanitazama. Bibi alitoka mlangoni, nikamshika mkono. "Shikamoo bibi." "Marahaba, marahaba mjukuu wangu." Kisha akamgeukia jirani aliyekuwa barazani: "Huyu ndiye mgeni wangu kutoka Ulaya."

Usiku akanipa kitanda chake, yeye akatandika mkeka chini. Nilikataa, nikambembeleza, karibu nilie. "Mgeni halali chini," alisema, akazima taa. Nililala juu ya kitanda cha bibi yangu nikiwa na hasira. Hapa Uingereza watu huniuliza kila siku ninatoka wapi hasa. Nilitegemea kwamba Tanga hakuna atakayeniuliza, na kweli hakuna aliyeuliza. Jibu walikuwa nalo tayari.

Sasa turudi kwenye Odyssey, kitabu cha 14. Odysseus amekuwa mbali na kwao miaka ishirini. Amefika Ithaca, kisiwa chake mwenyewe, lakini Athena amemgeuza mzee wa matambara na hakuna anayemtambua. Mtu wa kwanza anayemwendea ni Eumaeus, mchunga nguruwe wake. Mbwa wanamrukia, Eumaeus anawafukuza kwa mawe, anamwingiza kibandani na kumtandikia ngozi ya mbuzi mwitu ambayo ndiyo malazi yake mwenyewe. Anachinja nguruwe wadogo wawili na kuomba radhi, kwa kuwa wanono wanaliwa na wale wanaume waliojazana kwa bwana wake wakimtaka mkewe. Anasema kila mgeni na kila mwombaji anatoka kwa Zeus. Jina bado hajauliza! Mgeni anakula, anakunywa mvinyo, ndipo anaulizwa: wewe ni nani, kwenu wapi, umekuja kwa meli gani? (Odysseus anajibu uongo mtupu, eti ni mtu wa Crete.) Jioni anachinjwa nguruwe mkubwa. Eumaeus anatenga fungu moja la Hermes na la nimfu wa kisiwani, na nyama ya mgongo, ile ya heshima, anampa mzee wa matambara.

Wanaotaka kujua dini ya Wagiriki ilikuwa nini, mimi huwapeleka kwenye kibanda hiki kabla ya hekalu lolote. Hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala maneno ya imani ya kukariri. Dini yao ilikaa katika kutenda: fungu linalotengwa, mvinyo unaomiminwa chini, mgeni anayelishwa kabla ya kuhojiwa.

Nilipofika kwenye ile ngozi ya mbuzi nilifunga kitabu. Ilikuwa saa nane usiku. Niliuona mkeka wa bibi.

Kesho yake nikasoma kitabu cha 15, ambamo Eumaeus anasimulia habari zake. Alizaliwa mwana wa mfalme katika kisiwa kingine. Akiwa mtoto mdogo, yaya wake alishirikiana na mabaharia Wafoinike wakamwiba, wakamuuza Ithaca kwa Laertes, babake Odysseus. Ni mtumwa. Mwenyeji bora kuliko wote katika utenzi mzima ni mtu aliyeletwa kwa meli na hajarudi kwao kamwe. Hapo ndipo nilipoona mwalimu alikuwa ananipeleka wapi na swali lake.

Nisiwadanganye, Wagiriki wote hawakuwa Eumaeus. Muhula huuhuu nimeandika insha ya historia juu ya wageni wakazi wa Athens, walioitwa metoikoi. Mwaka 451 KK, kwa pendekezo la Pericles, mji ulipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni wa Athens. Mgeni mkazi alilazimika kuwa na raia wa kumdhamini, alipigana vita vya mji, lakini hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala nyumba isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Alilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka kwa mwanamume, 6 kwa mwanamke anayejitegemea, na asiyelipa aliweza kuuzwa utumwani. Aristotle aliishi Athens kama mgeni wa namna hiyo.

Sheria ikamrudia Pericles mwenyewe. Mwanawe aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa Miletus, hakuwa raia. Tauni ilipowaua wanawe wengine wawili, ilibidi awaombe wananchi wamwandikishe huyu, wakakubali. Mwaka 406 KK kijana huyo alikuwa miongoni mwa makamanda walioshinda vita vya baharini vya Arginusae, na mji uleule uliompa uraia ukamhukumu kifo pamoja na wenzake, kwa kutowaokoa mabaharia waliozama katika dhoruba.

Nilimsomea mama sehemu hii jikoni. Mama ana faili la bluu lenye barua zote za uhamiaji tangu alipofika nchi hii, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Akauliza drakma 12 ni kiasi gani. Nikamwambia fundi alipata karibu drakma moja kwa siku. Akahesabu kimyakimya. "Siku kumi na mbili kwa mwaka," akasema. "Mbona rahisi."

Jumapili nilimpigia bibi nikamsimulia Eumaeus. Kiswahili changu kilikwama njiani mara nyingi, na nilipotamka nguruwe alisema "Astaghfirullah," ikabidi ningoje. Baada ya hapo nikawaita mifugo tu.

"Akampa malazi yake?"

"Ndiyo, bibi."

"Na yeye akalala wapi?"

"Nje, karibu na mifugo."

"Huyo kalelewa," alisema bibi.

Nilipofika pale mtoto anapoibwa na kuuzwa, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. "Hata huku kwetu," alisema mwishowe. "Pangani." Hakuendelea, nami sikumwuliza. Kisha akataka kujua kama Eumaeus alikombolewa. Nikamweleza kwamba katika kitabu cha 21 Odysseus anamwahidi mke, mali na nyumba jirani na yake, awe kama ndugu wa mwanawe.

"Akapewa?"

Nikasema utenzi unakwisha kabla hatujaiona nyumba hiyo.

"Mwalimu wako hukumwuliza?"

Sikumwuliza. Nimeliandika daftarini, na darasa ni Alhamisi.