Pizza ya sufuria na makaa juu ya mfuniko

Likizo ya Juni ikianza, watoto wa Sudi wanaosoma Dar es Salaam hurudi kwa bibi zao na tamaa za mjini. Mmoja anataka chipsi, mwingine soseji. Msichana wa kidato cha tatu, aliyetazama mapishi kwenye simu mpaka mate yakamtoka, anataka pizza, na si ile nyembamba ya kawaida. Anataka ile nene inayookwa ndani ya chombo chenye kina kama keki, jibini ndani na nyanya juu.

"Inapikwa kwa nini hiyo?" bibi anauliza.

"Kwa oveni, bibi."

"Basi, mjukuu wangu, hatuna."

Maneno yanaishia hapo. Msichana anakwenda kukaa barazani amenuna, na bibi anarudi kwenye nazi yake, moyoni akijiona mnyonge mbele ya mtoto aliyemlea mwenyewe.

Wote wawili wamekosea. Bibi huyohuyo, jioni hiyohiyo, atapika wali wa nazi. Tui likikauka atapunguza moto wa chini, apalie makaa juu ya mfuniko, auache wali ukauke kwa moto wa pande mbili. Akipika mkate wa kumimina hufanya vilevile, na mkate hutoka umeiva juu na chini bila kuugeuza. Oveni ya dukani haifanyi zaidi ya hapo: moto chini, moto juu, na joto lililofungiwa katikati. Sudi, kijiji cha kale cha ghuba kati ya Lindi na Mikindani, kimekuwa na oveni zake siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuziita kwa jina hilo.

Tena, kama ni kuchagua pizza ya kupika kwa makaa, huyu msichana amechagua vizuri bila kujua. Pizza nyembamba ya Napoli inataka moto mkali mno, zaidi ya nyuzi 400, iive kwa dakika moja au moja na nusu. Joto hilo halipatikani kwenye sufuria. Ukijaribu, utapata chapati ngumu yenye nyanya. Pizza ya Zanzibar, ile inayouzwa Forodhani usiku, nayo ni kitu kingine: unga mwembamba kama wa mantabali, unakunjwa na nyama na yai ndani na kukaangwa kwenye chuma. Tamu sana, lakini haiokwi.

Pizza ya kina ilizaliwa Chicago, Marekani. Mwaka 1943 Ike Sewell na Ric Riccardo walifungua mgahawa wa Pizzeria Uno, na mpaka leo watu hubishana ni nani hasa aliyeitunga pizza yenyewe. Wenye mgahawa ndio waliopata sifa. Lakini jikoni alifanya kazi mama mmoja mweusi, Alice Mae Redmond, na wengi wanaoijua historia ya chakula hicho humtaja yeye kuwa ndiye aliyeulainisha unga wake. Baadaye aliuchukua ujuzi huo akaenda nao kwenye mgahawa mwingine wa mji huohuo, Gino's East, uliofunguliwa mwaka 1966. Hata huko mbali, basi, siri ya chakula ilikuwa mikononi mwa mama wa jikoni ambaye jina lake halikuandikwa mlangoni.

Sasa upishi. Tafuta sufuria nzito yenye upana wa shubiri moja na vidole vitatu, yaani kama sentimita 28. Vikombe vitatu vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sembe laini, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kimoja cha chumvi, kimoja cha sukari, vijiko sita vya chakula vya mafuta. Maji ya uvuguvugu ni kikombe kimoja na kidogo juu yake, yaongezwe taratibu. Sembe ndiyo inayofanya ukoko uvunjike kwa mlio mdogo mdomoni, na wapishi wengi wa pizza hii huiweka.

Hapa bibi atahitaji kuzuia mikono yake. Mtu aliyezoea kukanda unga wa chapati hukanda mpaka uwe laini na kuvutika. Huu haukandwi hivyo. Dakika tatu au nne zinatosha, ushikamane tu. Ukiukanda sana utapata mkate mgumu wa kutafuna, na mafuta yale sita yatakuwa yamepotea bure. Funika, acha uumuke. Wakati wa joto la kaskazi saa moja inatosha, lakini Juni, kusi inapovuma na asubuhi zina ubaridi, ngoja saa moja na nusu au zaidi. Usitazame saa, tazama unga: uwe umekaribia kuwa mara mbili. Bibi atakumbuka siku za kuumulia kwa tembo la mnazi kabla hamira ya pakiti haijajaa madukani. Mwache asimulie. Unga una muda.

Jibini ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Sudi haiuzwi kila duka, na kuifuata Lindi mjini au Mtwara ni nauli, barafu na wasiwasi wa njiani. Pesa ya kipande kimoja hununua kitoweo cha nyumba nzima, na mama mwenye akili hatabadilisha chakula cha watoto watano kwa tamaa ya mmoja. Ipo njia nyingine. Tangu wafugaji walipohamia mkoa wa Lindi kutoka Bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, maziwa ya ng'ombe si adimu kama zamani. Chemsha lita mbili, epua, mimina maji ya ndimu mbili au tatu huku ukikoroga polepole. Maziwa yatakatika. Chuja kwa kitambaa safi, funga, ning'iniza kwa saa moja, kisha ukandamize kwa jiwe safi. Utapata kama gramu 300 za jibini nyeupe.

Kweli isemwe mapema ili mtoto asije akalia mezani: jibini ya ndimu haiyeyuki wala haivutiki nyuzinyuzi kama ile ya kwenye simu. Ivunjevunje, changanya na yai moja, chumvi, na vijiko viwili vya tui zito. Ikiokwa itashikana na kuwa laini. Mwenye kipande kidogo cha jibini ya dukani akikwangulie humo, lakini kisiwe sababu ya kukopa.

Nyama ya ndani ni ya mwenye nyumba, ila mtu wa Sudi aliye na pweza ana haja gani ya kutafuta soseji? Bamvua hupwa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, miamba ikawa wazi, na wanawake wakashuka na vijiti vyao kutafuta mashimo ya pweza. Siku mbili tatu baada ya hapo ndizo siku za pizza. Kilo moja ya pweza hupungua karibu nusu ikichemka, usishangae. Mchemshe mpaka kisu kipite bila kubishana, mkate vipande vidogo, kisha mkaange na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili manga mpaka maji yote yakauke. Yote. Pweza mwenye maji huugeuza ukoko uji, na hakuna makaa yatakayouokoa. Kama pweza hakupatikana, kamba watafaa, au nyama ya kusaga, au mchicha uliokaushwa vizuri na vipande vya korosho.

Nyanya nusu kilo, zilizoiva, zimenywe na kupondwa kwa mkono, ziachwe kwenye chujio nusu saa zitoe maji. Usizipike. Weka chumvi, kitunguu saumu kidogo, na majani ya mrehani yaliyochanwa. Watu wa pwani huutumia mrehani kwa harufu, wengine huufunga kwenye vikuba pamoja na asumini, na hawafikirii kuula. Ni mmea uleule ambao Waitalia huuweka kwenye nyanya zao. Bibi akisikia kwamba mrehani wa uani kwake unaingia kwenye chungu, atacheka kwanza, kisha atanusa.

Paka sufuria mafuta. Tandaza unga chini na uupandishe ubavuni, urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa. Jibini hukaa chini, pweza juu yake, nyanya juu kabisa. Mpangilio huu wa kichwa chini miguu juu si urembo. Pizza hii hukaa motoni zaidi ya nusu saa, na jibini ikiwekwa juu ingeungua kabla unga haujaiva. Nyanya zenye majimaji ndizo zinazopokea joto la makaa ya juu.

Moto sasa, na hapa msichana akae kimya amtazame bibi yake. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga wa kina cha vidole viwili, uipashe moto dakika kumi ikiwa imefunikwa. Mchanga usiwe ule wa ufukweni moja kwa moja, kwa sababu chumvi yake hula alumini. Uoshwe kwa maji ya kisima, uanikwe. Kaza sufuria ya pizza ndani yake juu ya mchanga, funika kwa bati au sinia bapa, na upalie makaa juu. Kosa la wanaoanza ni kujaza moto chini. Gawa makaa mafungu matatu: fungu moja chini, mawili juu. Mkono wa bibi hupima hili bila kuhesabu. Huuleta kiganja karibu na bati, akakiondoa, akasema "ongeza hapa" au "toa hilo." Mjukuu hatayaona hayo kwenye simu.

Dakika ishirini za kwanza usifunue. Makaa ya juu yakififia, weka mengine. Kuanzia dakika ya thelathini na tano chungulia: inua mfuniko wima kwa koleo mbili, usiuinamishe, majivu yasije yakawa kiungo cha saba. Ukoko ukiwa umejitenga na ubavu wa sufuria, rangi yake kama mbata iliyokaangwa, na kisu chembamba kikiuinua bila kunasa, imeiva. Mara nyingi ni dakika arobaini, wakati wa upepo arobaini na tano.

Na huo upepo si wa kupuuza. Kusi huyamaliza makaa ya juu haraka, na cheche moja kwenye paa la makuti ni msiba wa mtaa mzima. Jiko likae nje, upande uliokingwa, mbali na ua wa makuti, na ndoo ya maji iwe karibu. Kulihamishia chumbani na kufunga mlango ni hatari nyingine, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila kunuka.

Wapo watakaouliza kwa nini kufundisha makaa wakati nchi inahamia gesi. Ni swali la haki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na hakuna mama aliyevuta moshi miaka arobaini atakayeupinga. Lakini jiko la gesi la plati mbili huwaka chini tu. Nyumba ikipata mtungi na kulitupa jiko la mkaa, ghafla mkate wa kumimina unabaki mweupe juu, na wali haupaliwi. Sudi jawabu liko uani: vifuu vya nazi. Chini weka gesi, moto mdogo juu ya mchanga uleule. Juu weka makaa ya vifuu vitano au sita vilivyochomwa mpaka moshi uishe. Vinawaka kwa joto kali, havikatiwi mti, na havinunuliwi. Wasichana wengi wanaosoma mjini wamezikuna nazi nyingi na kuvitupa vifuu vyake jalalani.

Pizza ikitoka, ngoja dakika kumi kabla ya kukata, la sivyo yote ya ndani yatamwagika kwenye sinia. Hiyo ndiyo dakika kumi ndefu kuliko zote, maana watoto wa jirani wameshasikia harufu na wamekaa kwenye ngazi ya baraza, kila mmoja akijifanya amepita tu. Sufuria moja hutoa vipande vinane vya kushibisha. Kwa nyumba ya Sudi, kata kumi na viwili.

Bibi atapewa cha kwanza. Atakitafuna polepole, aangalie chini yake kama anavyoangalia mkate wake mwenyewe, akwaruze ukoko kwa ukucha.

"Chini umezidisha moto kidogo," atasema. "Kesho tupunguze."

Kipande kimoja kifunikwe kwa kawa, kiwekwe juu kabatini. Mjomba yuko baharini na hatarudi mpaka alfajiri.