Anwani Iliyokwisha Kutolewa Isibadilishwe

Katika likizo ya Desemba iliyopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu, akaaye Tandale, alikwenda nyumbani na daftari ambamo alikuwa amenakili kwa kalamu anwani 11 za kurasa za tovuti ya shule yetu. Zote zilikuwa za notisi za Fizikia. Yeye hana simu. Shauri lake lilikuwa kuazima simu ya dada yake usiku, dada akisha kurudi kazini, asome ukurasa mmoja mmoja mpaka azimalize. Usiku wa kwanza aliandika anwani ya kwanza kwa uangalifu, nukta kwa nukta, akajibiwa 404, yaani ukurasa huo haukuonekana. Akadhani amekosea kunakili. Akajaribu ya pili, na ya tatu, hata zote 11. Hakukosea hata moja. Tuliokosea ni sisi wa Chama cha Kompyuta, na hasa mimi, maana mimi ndiye niliyezibadilisha anwani zile wiki moja baada ya shule kufungwa.

Naandika habari hii kwa kuwa wako wenzangu chamani wasemao mpaka leo ya kuwa hapakuwa na kosa lo lote.

Sharti kwanza msomaji ajue jinsi ukurasa wa tovuti kama yetu unavyopatikana. Haukai tayari rafuni kama kitabu. Kila mtu auombapo, programu iliyo katika seva huitazama anwani aliyoileta, huilinganisha na orodha yake ya njia, huchukua habari katika hifadhidata, na papo hapo huuandika ukurasa, kama muuza chipsi akaangavyo baada ya kuagizwa. Na vile viungo vilivyomo ndani ya ukurasa, yaani maneno ambayo ukiyagusa hukupeleka ukurasa mwingine, navyo huandikwa wakati ule ule.

Tovuti yetu ya kwanza iliandikwa kwa lugha ya PHP, na kila anwani ilikuwa na mkia wake, kama hivi: notisi.php?id=41. Viungo tuliviandika kwa mkono, kila ukurasa na vyake. Mwanachama mmoja hata aliandika ndani ya viungo vyake jina localhost, ambalo kwa kila kompyuta maana yake ni “mimi mwenyewe.” Kwake vikafanya kazi vizuri sana. Kwa watu wengine wote vikawa kama mtu aulizwaye njia akajibu, “Njoo kwangu,” asiseme kwake ni wapi.

Basi mwezi wa Desemba nikaiandika tovuti yote upya kwa Python, nikitumia Django. Humo hakuna haja ya kuandika viungo kwa mkono. Kila njia hupewa jina, na programu itakapo kuweka kiungo hutaja jina hilo na namba ya notisi tu. Anwani yenyewe hutolewa katika orodha. Ukiibadilisha anwani mahali pale pamoja, viungo vyote vya tovuti hufuata. Niliona raha kubwa. Nikazifanya anwani kuwa fupi na safi, /notisi/41/, nikavijaribu viungo vyote kimoja kimoja, hapana hata kimoja kilichokatika. Nikalala usingizi mzuri.

Nilisahau ya kuwa viungo vyetu si vile tu vilivyo ndani ya seva. Katika daftari lile la Tandale mlikuwa na viungo 11 ambavyo hapana programu iwezayo kuvifikia na kuvisahihisha. Viko vingine vilivyobandikwa ubaoni nje ya maktaba, na vingine walimu waliwapelekea wazazi kwa simu.

Sisi wakazi wa Kinondoni hatukuhitaji kompyuta itufundishe jambo hili. Zamani Sinza na Manzese zilikuwa katika Manispaa ya Kinondoni. Mwaka 2016 ikaanzishwa Manispaa ya Ubungo, na sehemu hizo zikawa zake. Hapana nyumba iliyosogea hata inchi moja, lakini mfanya biashara aliyekuwa amechapisha “Sinza, Kinondoni” juu ya vitabu vyake vya risiti alibaki na anwani iliyopitwa na wakati. Ule mkia wa .php katika anwani zetu ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Ulitaja utawala wa ndani ya seva, jambo ambalo msomaji wa Fizikia halimhusu, na utawala ulipobadilika anwani ikafa.

Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyependekeza mtandao huu wa kurasa mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN mjini Geneva, aliandika juu ya neno hili mwaka 1998. Alishauri ya kuwa ndani ya anwani yasiwekwe mambo yatakayobadilika, kama vile jina la mwandishi, au mkia utajao aina ya programu. Tazama, kwa mfano mzuri, anwani za matokeo ya Baraza la Mitihani: ndani yake mna mwaka, na mtihani, na namba ya shule. Matokeo ya mwaka 2022 hayatageuka kuwa ya mwaka mwingine.

Katibu wetu asema mtu akikosa ukurasa na aanzie ukurasa wa mbele, atafute. Mimi namwuliza, je, umepata kuufungua ukurasa wa mbele kwa bando la kuazima? Una picha 9 za mahafali. Na sasa liko shauri jingine chamani, kwamba katika anwani ya kila notisi tuweke jina la mwalimu na la mkondo, ili zipendeze. Mimi nalipinga kabisa. Walimu wa serikali huhamishwa. Mwalimu akienda Temeke tutafanyaje? Tutabadilisha anwani, au tutamwacha aitwe wa kwetu milele?

Dawa yenyewe ni ndogo, nayo inaniaibisha kwa udogo wake. Seva yaweza kuijibu anwani ya zamani kwa namba 301, maana yake “amehama kabisa, sasa anakaa hapa,” na kivinjari kitampeleka msomaji huko pasipo yeye kufanya neno lo lote. Mistari yake haikufika 20. Ningaliweza kuiandika Desemba kabla ya chakula cha mchana.

Nimekwisha kuiandika kwa notisi zote 63. Mwenzetu wa Tandale aliniazima daftari lake, nikazijaribu anwani zake zote mbele yake. Kumi zimefika. Ya tano haikufika, kwa sababu notisi yenyewe niliifuta katika kazi ile ya Desemba, nikidhani ni nakala ya nyingine. Ni ile ya mwanga na vioo vilivyopinda. Ye yote aliyeinakili katika daftari lake namwomba aniletee chumba cha kompyuta, siku yo yote baada ya vipindi, nami nitairudisha mahali pake kwa anwani yake ile ile.