Chomoa Fyuzi Uone Kazi Yake

Juzi nilikuwa huko juu Kigoma, natoka Kibondo kwenda Kasulu, basi likagoma honi na taa. Utingo hakuhangaika. Akafungua kiboksi cha fyuzi, akaanza kuchomoa moja moja. Akichomoa hii, waipa zinagoma. Akichomoa ile, indiketa kimya.

"Braza, ukitaka kujua kazi ya kitu, kiondoe uone nini kinazimika," akaniambia.

Usicheke. Mwaka 2007 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel kwa ufundi kama huo: unazima jeni moja ya panya, unaangalia nini kimeharibika. Binadamu hafanyiwi hivyo, ila maumbile yenyewe mara nyingine huchomoa fyuzi.

Tukikaribia Kasulu, stori zikahamia Kabanga, kwenye ile shule iliyowahifadhi watoto wengi wenye ualbino baada ya mauaji ya mwaka 2007 na kuendelea. Mzee mmoja kiti cha nyuma akadakia: "Wale hawafi, kijana. Wanapotea tu."

"Shikamoo mzee, naomba nikujibu," nikamwambia.

Watanzania wengi wenye ualbino wana hitilafu kwenye jeni iitwayo OCA2. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uliofanywa kwa Watanzania, ulikuta wengi wamekosa kipande kilekile, cha herufi kama 2,700. Mtoto anairithi hitilafu kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao ni weusi kama mimi.

Fyuzi hiyo ikikosekana, nini kinazimika? Rangi ya ngozi na nywele, ndiyo maana jua linawachoma mpaka kansa. Hilo unalijua. Lakini na macho pia! Kumbe rangi ileile inasaidia jicho kujijenga na kupanga nyaya zake kwenda kwenye ubongo, tangu mtoto yuko tumboni. Ndiyo maana miwani peke yake haimalizi tatizo.

Na nini hakizimiki? Akili ipo palepale. Moyo unadunda, damu ni nyekundu, kizazi kipo. Maana yake jeni hiyo haihusiki na hayo. Na ule utajiri wa waganga? Hakuna fyuzi ya utajiri kwenye mwili wa mtu yeyote.

Mzee akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wanakufa kama sisi?"

"Kama sisi, mzee. Na wengine wamekufa mapema kwa sababu tuliamini hawafi."

Basi likaingia stendi. Mzee akabeba kikapu chake, akageuka. "Jirani yangu anaye mtoto hivyo. Mwalimu anasema ni mzito, kamkalisha nyuma kabisa."

"Si mzito, mzee. Haoni ubao."

"Basi kesho asubuhi naenda shuleni," akasema, akashuka.

Na wewe msomaji, kama unamjua mwingine wa dawati la nyuma, usingoje kesho kutwa. Tukutane wiki ijayo!