Kasha la Spika Darasani

Mwalimu mtarajiwa asidhani kwamba somo la sauti halifundishiki pasipo maabara. Fundi aundaye kasha la spika kwa faiba katika buti la gari hufuata kanuni moja: utando wa spika usukumapo hewa mbele, huivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana hupunguzana, na sauti nzito hufifia. Kasha lililozibwa huyatenga.

Faiba ni ghali, na mvuke wa gundi yake hudhuru mapafu, isiingie darasani. Spika ya redio mbovu iliyounganishwa kwa nyaya na redio nzima, pamoja na boksi gumu, yatosha. Wanafunzi waisikilize spika ikiwa tupu, kisha ikiwa imefungwa penye tundu la boksi, ndipo waeleze tofauti kwa maneno yao.

Wapo watakaosema kuwa mtihani hauulizi makasha. Lakini mtoto wa Nyamisati au Mbwera amekwisha kuona chombo kikitiwa kalafati kisivuje. Tusipomwonyesha kwamba ujuzi huo ndio unaozuia hewa kupenya katika kasha, tutamfundisha kuwa elimu haihusiani na kwao. Hilo ni kosa kubwa kuliko kufeli mtihani.